Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Kumweleza au Kutomweleza Mwanafunzi wa Kidato cha Nne Msiba wa Mama Yake

TAREHE: Alhamisi, 14 Novemba
MAHALI: Ofisi ya Mkuu wa Shule

WALIOHUDHURIA: Mkuu wa Shule (Mwenyekiti), Mwalimu wa Taaluma, Mlezi wa Kidato cha Nne, Matroni wa bweni, Mwalimu wa Jiografia (Katibu).
MWALIKWA: Baba mdogo wa mwanafunzi.
ASIYEHUDHURIA: Mhasibu, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/DH: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi jioni. Aliomba mlango ufungwe na sauti zishushwe, kwa kuwa wasichana walikuwa wanafua nje ya dirisha na mwanafunzi anayehusika alikuwa miongoni mwao.

KUMB. NA. 2/DH: TAARIFA YA MSIBA
Baba mdogo alieleza kwamba shemeji yake, mama wa mwanafunzi, alifariki jana hospitalini na atazikwa kesho mchana. Alisema marehemu, akiwa bado na kauli, alimshika mkono akamwambia, "Shemeji, mwanangu asiambiwe mpaka amalize mtihani." Imebaki mitihani miwili, Baiolojia kesho na Hisabati Jumatatu. Aliomba shule imsaidie kutimiza ahadi. Hapo alishindwa kuendelea, akapewa maji. Wajumbe walimpa pole.

KUMB. NA. 3/DH: WAJIBU WA MLEZI WA KIDATO
Mwalimu wa Taaluma alisema mtoto huyo ndiye tegemeo la nyumba yao, na akikosa mitihani hiyo atarudia mwaka mzima. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba Mlezi huwadekeza wasichana. Mlezi alijibu kwamba mwenzake hajawahi kukanyaga bwenini tangu aripoti. Mwenyekiti aliwataka waheshimiane.

Mwenyekiti alisoma majukumu ya mlezi wa kidato: mahudhurio, nidhamu, usafi, ruhusa, na kazi nyingine atakazopangiwa na Mkuu wa Shule. Alisema kazi aliyompangia leo ni kunyamaza.

Mlezi alieleza kwamba amepanda na wasichana hawa tangu kidato cha kwanza. Asubuhi, akiwa ameshapata taarifa ya msiba, alifuatwa na mtoto akiuliza mbona simu ya mama yake haipatikani. "Nikamwambia labda haina chaji. Nimemdanganya mara moja, Mkuu, na roho imeniuma kutwa nzima. Mara ya pili siwezi. Akija kujua mama yake alizikwa yeye akiwa darasani anachora figo, nitamtazama kwa jicho gani?"

Baba mdogo alisema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyeahidi."

Mlezi alijibu, "Najua, kaka yangu. Lakini huyo huyo mama, siku ya kuripoti, alinikabidhi mtoto akaniambia nimwangalie kama wangu. Na wangu ningemwambia."

Mwalimu wa Taaluma aliongea tena mpaka chai ikapoa. Hakukuwa na jipya.

KUMB. NA. 4/DH: UAMUZI
Mlezi na Matroni walitaka mtoto aambiwe. Mwenyekiti, Mwalimu wa Taaluma na Katibu walikataa. Katibu anaomba ieleweke kwamba alikataa kwa nia njema. Iliamuliwa kwamba Mlezi asimwambie.

Mlezi aliuliza kama uamuzi huo unamfunga mlezi wa kidato. Mwenyekiti alisema ndiyo. Mlezi aliweka funguo za bweni mezani, akasema kuanzia hapo yeye si mlezi wa kidato chochote, akatoka.

Baba mdogo alibaki ameinama, kisha akasimama. "Marehemu atanisamehe," alisema. "Hawezi kuambiwa na mwalimu peke yake kama mtoto asiye na ndugu." Akamfuata.

KUMB. NA. 5/DH: KUZIBA NAFASI YA MLEZI
Mwenyekiti aliuliza nani atashika nafasi hiyo. Mwalimu wa Taaluma alisema ana majukumu mengi. Katibu alikuwa anaangalia dirishani. Mwalimu aliyeacha funguo alimkuta mtoto kwenye kamba za nguo, akampokea ndoo kwanza, akaiweka chini. Baba mdogo alisimama upande wa pili.

Kilio kilifika mpaka ofisini. Wasichana wengine waliacha kufua. Matroni aliondoka bila kuomba ruhusa.

Mwenyekiti alivua miwani. Kisha alimwagiza Katibu atafute gari la kumfikisha mtoto kwao usiku huo huo. Hoja hiyo haikupigiwa kura.

KUMB. NA. 6/DH: KUFUNGA
Kikao kiliisha saa kumi na moja jioni bila mtu kukifunga.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................