Kinasa Rada cha Baba

Nyumbani, Njia ya Ghala Kuukuu,
Kansas.
Ijumaa, tarehe 3 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Duane,

Salamu zangu zikufikie hapo mjini, wewe na wifi Roxanne, na ziwakute mnapumua vizuri. Mgongo wako unaendeleaje? Natumai wifi bado anakulazimisha kula mboga. Huku kwetu tu wazima kiasi. Mtama umeiva, mvua imetunyima, na yule paka wa marehemu Mama amezaa tena ndani ya sanduku la spana. Mama angekuwa hai angenicheka, kumwandikia barua mtu anayekaa maili kumi na nane tu kutoka hapa. Lakini simu zangu huzipokei, na siku ile moja ulipopokea nilikasirika kabla hatujamaliza salamu. Karatasi angalau haikati maneno ya mtu.

Niseme la muhimu kwanza. Jumanne tarehe 14 Baba anapasuliwa moyo huko Wichita. Daktari wake ni mama mmoja asiyejua kuzungukazunguka. Alituambia kwamba kwa umri ule na mapafu yale, katika watu kumi watatu hawaamki. Baba akamjibu kuwa yeye ameshauza mashine zenye uhakika mdogo kuliko huo na hakuna mteja aliyezirudisha. Daktari alicheka, mimi sikucheka. Nataka wewe na Baba muonane kabla ya siku hiyo. Hilo ndilo nilitakalo, na safari hii sirudi nyuma hata mkinichukia wote wawili.

Ugomvi wenu naujua kwa pande zote mbili, maana ulimalizikia jikoni kwangu. Baba alikuwa anakwenda maili tisini na nne kwa saa mahali pa sitini na tano. Ulipomsimamisha, ukiwa na sare yako ya polisi, alidhani mwanawe anataka kumtania, akakupa hata mkate wa nyama na kabichi kupitia dirishani. Wewe ukaula, kisha ukamwandikia faini. Ilikuwa faini ya tatu mwaka ule. Leseni ikaenda, na kazi yake ya miaka thelathini na moja ya kuuza feni za kukaushia nafaka ikaifuata leseni. Alisema umemvua nguo barabarani. Nawe ukasema kwamba Jumatatu ya wiki ile ulimtoa binti wa akina Werth kwenye gari lake, kwenye kona ile ile, naye alikuwa ameshakufa, na kwamba hukuwa tayari kumtoa babako namna hiyo. Baba akakuonyesha mlango. Ukatoka. Wakaidi wawili, na mimi katikati nimeshika sufuria.

Kitu ambacho labda hukijui ni kwamba siku ile kinasa rada chake, kile cha kumwonya dereva kuwa rada ya polisi iko mbele, hakikulia. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa, kile kifaa kikateleza kwenye kioo kikawa kinatazama boneti, na Baba hakukiangalia. Mtu aliyejisifu miaka yote kwamba hakuna polisi wa kumvizia alinaswa na mwanawe mwenyewe kwa sababu ya mpira mmoja wa kukinatisha kiooni uliolegea. Tangu hapo, Duane, kifaa kile kimekuwa kama mtoto mchanga ndani ya nyumba. Leseni alirudishiwa, lakini macho yakamwishia, kwa hiyo dereva ni mimi na yeye ni mkuu wa kioo.

Usicheke, maana kazi hii naifanya vizuri. Kila Jumamosi nafuta kioo cha mbele kwa siki, ndani na nje. Ile mipira ya kushikia naiosha kwa maji ya uvuguvugu. Kifaa kinakaa juu karibu na kioo cha kati, kimelenga upeo wa barabara, si chini ya ule utepe mweusi wa juu, kwa sababu Baba anasema utepe ule unakiziba masikio. Wakati wa joto kinashuka na kuingia ndani ya nyumba pamoja nasi. Kila mwanzo wa mwezi nakiunga kwenye kompyuta kipate maarifa mapya. Halafu tunakwenda kukipima kwenye duka la vyakula, maana ule mlango unaojifungua wenyewe unatoa mawimbi ya aina moja na rada zenu zile za zamani. Tukiwa tunaingia na gari, lazima kilie kwenye nguzo ya taa ya tatu kutoka mlangoni. Kikichelewa hadi ya pili, tunarudi nyumbani kutafuta kosa. Mama Pfannenstiel wa kwenye kaunta hutoka nje kutuuliza kwa sauti mlango wake leo unakwenda maili ngapi kwa saa, na kama anapaswa kuulipia faini.

Ila kulia peke yake si usahihi. Hilo nimefundishwa na Baba. Kifaa kinacholilia kila duka, kila benki na kila gari jipya lenye vihisio kinakuchosha, na baada ya wiki moja hukisikii tena, hata siku kinaposema kweli. Kwa hiyo kinafundishwa kunyamaza. Ukipita mahali pa uongo unabonyeza kitufe mara tatu, nacho kinapakumbuka mahali pale na hakilii tena hapo. Na Baba ana sheria moja tu juu ya jambo hili: usinyamazishe mahali popote mpaka umeshuka ukaona kwa macho yako ni kitu gani kinachokiliza. Nimeshuka kwenye duka la dawa. Nimeshuka kwenye benki. Nimewahi kumsumbua padri katikati ya chakula chake cha mchana nimuulize kuhusu mlango mpya wa ukumbi, naye akadhani nimekuja kuungama.

Huenda ningeungama kweli, maana sasa nafika kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Miaka mitatu iliyopita, Alhamisi moja, tulikuwa tunatoka Hays kwenye mazoezi yake ya mapafu. Ilikuwa kama saa kumi alasiri. Tulipoacha barabara kuu kuingia njia ya kwetu, pale penye ghala kuukuu la nafaka, kifaa kikalia. Baba alikuwa amelala mdomo wazi. Ghala lile lina njiwa tu, hakuna mlango, hakuna duka. Alhamisi iliyofuata kikalia tena. Ya tatu nilimfikisha nyumbani, nikamwekea supu, kisha nikarudi kwa miguu kupitia kwenye mtama, kama sheria inavyotaka.

Nilikuona, Duane. Gari la polisi la kaunti lilikuwa nyuma ya ghala, dirisha wazi, kofia yako gotini, unatafuna mbegu za alizeti. Rada ilikuwa inawaka, lakini hukuipa mgongo nyumba yetu, uliipa mgongo barabara kuu. Ulikuwa unatazama dirisha la jikoni. Nilisimama kwenye mtama dakika kumi nzima. Halafu Baba akapita dirishani na bakuli lake, nawe ukajifuta uso kwa ile kofia.

Nilirudi nyumbani nikamwoshea Baba bakuli lake. Alhamisi iliyofuata, tulipofika pale kikaanza kulia, Baba akiwa bado amelala, nikabonyeza kitufe mara tatu. Mimi dada yako nilikifundisha kifaa cha Baba kwamba wewe ni uongo.

Ulikuwa wivu, sina jina lingine la kuuita. Mimi ndiye ninayemkata kucha. Mimi ndiye ninayeamka akikohoa, ninayegombana na watu wa bima, ninayepika supu anayosema haifiki ya Mama. Wewe ulikuwa unakaa garini saa moja kwa wiki. Na nilijua kwa hakika kwamba siku Baba akisikia kuwa mwanawe huja kumtazama kwa mbali, moyo wote uliobaki mle kifuani utakukimbilia wewe, nami nitabaki na sufuria yangu. Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho. Nimekunyamazisha kwa Alhamisi zaidi ya mia moja na hamsini, na kila mara tulipopita kimya kimya nilisikia aibu, na bado nilipita.

Nilipomsikia yule daktari akisema watatu katika kumi, aibu ilinishinda nguvu. Juzi usiku sikulala, na jana kabla hatujaondoka Hays nilipafuta mahali pale kwenye kumbukumbu ya kifaa. Nikamwamsha Baba makusudi, nikamwambia afungue macho tunakaribia nyumbani. Kifaa kikalia. Akanyanyuka kitini, akauliza hicho kinalilia nini penye ghala lisilo na mlango. Nikamwambia ni Duane. Nikamwambia na hiyo miaka mitatu, na mtama, na kitufe, yote kabla hatujafika penye gari lako.

Akasema, "Punguza mwendo."

Duane, nimemwendesha yule mzee miaka sita na neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilipunguza hadi trekta la akina Dinkel likatupigia honi kwa nyuma. Wewe uliinamisha kichwa ukajifanya unaandika. Yeye alikutazama kwenye kioo cha pembeni mpaka ghala likakuficha.

Tulipofika hakutaka kushuka. Alikaa kwenye pikapu na mkanda wake. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Aliniambia ameniomba jambo moja tu, kile kifaa kimwambie kweli, nami nimekifanya kimdanganye kuhusu mwanawe. Nililia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama umenenepa. Nikamwambia kidogo. Akasema ni huko kukaa garini. Baadaye alikiri kwamba siku ile hakuwa kwenye tisini na nne, alikuwa tisini na saba, na rada yako ndiyo iliyomhurumia. Leo asubuhi hasemi nami ila kuomba kahawa. Nastahili. Kwako wewe siombi msamaha kwa barua, nitauomba mbele ya uso wako.

Mfikishie wifi salamu zangu, umwambie zile tambi za kukanda kwa mkono nimemwekea kwenye friza. Shangazi Leota anawasalimu, na Mungu awalinde mpaka tuonane, ambako si mbali, kwa sababu nimeshaamua na nilimwambia Baba jana usiku.

Alhamisi ijayo, tarehe 9, saa kumi alasiri, tutafika penye ghala. Safari hii sipiti. Nitaegesha ubavuni mwa gari lako, na Baba anasema atashuka mwenyewe. Hataweza, magoti hayamshiki tena. Atahitaji mkono wa mtu, na ameshaniambia usiwe wangu.

Usiwashe injini.

Ni mimi dada yako,
Marlys Brungardt