Jiwe la Ndege

Jumanne, 24 Oktoba 2000

Nimefua soksi. Nimekosea dikte tena, imla ya Kifaransa. Maharage bado magumu, na makaa yanakaribia kwisha.

Tonton Evariste amekuja kutoka bandarini, suruali imejaa vumbi la saruji. Ni kaka mkubwa wa Mama, akisema jambo limekwisha. Amesema matanga ya Nyogokuru yatakuwa Jumamosi ya tarehe nne.

"Matanga ya nani?" Mama akauliza. "Kuna mutu ameona maiti?"

"Tangu mwezi wa sita apana habari. Nyumba walichoma. We unangoja nini?"

Mama ametoka nje. Mimi nimebaki nikiongeza maji kwenye maharage ambayo hayakuhitaji maji.

Nyogokuru ni mama yao. Vita vilipofika kwetu, ufukweni karibu na Magara, watu wote walikimbia; yeye alikataa. Alisema: nani atageuza ndagala juani? Ndagala ni dagaa wetu wa ziwani.

Alhamisi, 26 Oktoba

Shuleni Kifaransa, nyumbani Kirundi. Humu naandika Kiswahili kwa sababu hakuna mwalimu atakayekisahihisha.

Basi niseme. Uso wa Nyogokuru umeanza kunipotea. Nakumbuka viganja vyake, harufu ya samaki na moshi. Uso, hapana. Naona aibu.

Zamani tulikwenda kwake kila Jumapili. Gari la Tonton, madirisha wazi, ziwa mkono wa kulia njia nzima, milima mkono wa kushoto. Nilikuwa nakaa upande wa ziwa, sikubali kumpisha mtu. Tulisimama kununua mananasi, Mama akiyamenya juu ya magoti. Tukifika navua viatu kabla gari halijazimwa. Mchanga umejaa ndagala walioanikwa, unang'aa mpaka unafumba macho.

Na lile jiwe pana, kando, mwisho wa ufukwe. Kabla ya kuanika, na tena baada ya kuanua, Nyogokuru aliweka hapo konzi kadhaa za ndagala kwa ajili ya ndege, wale huko, waache mchanga. Majirani walimcheka, ati analisha wezi. Alijibu tu: na wao ni watu wa hapa. Ufukwe mzima hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Jumamosi Tonton anakwenda Rumonge, kusini zaidi, kuchukua mawese ya kupikia matanga. Anakwenda kwa boti, barabara haipitiki, watu wanaviziwa. Boti itapita mbele ya kwetu.

Nataka kwenda. Sijawahi kumwomba Tonton kitu chochote. Hata darasani, nikijua jibu, natazama dawati.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimeomba. Sauti ilitoka kama ya panya.

Tonton amecheka. "We Goreti? We unaogopa hata kuku."

Nilidhani Mama atakataa. Amesema, "Mupeleke. Macho yake ni mazuri kuliko yako."

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimerudi. Nguo zinanuka mawese.

Tulitoka bandarini alfajiri: mapipa matupu, vijana wa kupakia, mimi juu ya gunia. Nahodha alisema mapema kwamba kwetu hatasogea karibu, wala hatasimama. Mwezi uliopita walipigwa risasi kutoka mlimani.

Sikuwahi kuiona barabara yetu kutoka majini. Ni nzuri mpaka inauma. Miamba, michikichi, vijito vinavyoshuka, vilima vya kijani kibichi baada ya mvua. Na hakuna gari hata moja. Nilijua kila kona. Hapa mananasi. Hapa gurudumu lilipasuka, Tonton akatukana kwa Kifaransa, mimi nikacheka hadi nikajikojolea. Yeye pia alikuwa anatazama.

Kisha kwetu. Nyumba imebaki ukuta mmoja, bila bati. Lakini chini, mchangani, kitu kinang'aa. Nilimvuta Tonton shati.

"Ndagala," nikasema.

"Mutu yeyote anaanika ndagala. Hata wenye bunduki wanakula."

Jiwe sikuliona, vichaka vililificha. Nilitaka kuita. Sikuita. Boti ikapita. Nilijichukia mpaka Rumonge.

Mchana tukarudi, mapipa yamejaa. Mvua ilikuwa inavuka ziwa kutoka Kongo, nyeusi tii. Mchanga wetu ulikuwa mtupu. Mtu alikuwa ameanua ndagala wote. Mtu aliitazama ile mvua kama sisi.

Lakini yeyote anaweza kuanua.

Tukitoka kusini, jiwe linaonekana. Lilikuwa jeupe. Nilidhani limepakwa chokaa, halafu ule weupe ukasogea. Ndege: yangeyange. Wamesongamana, wanasukumana, wanapokonyana ndagala.

Sikufikiri. Nilisimama, nikapiga vigelegele kama wanawake harusini. Mimi. Vijana wakaangua kicheko. "Bibi harusi ni nani? Hii pipa?" Sauti ikanikatikia katikati.

Mota zilinguruma. Sikusikia jibu. Sikuona mtu.

Nikageuka nikijua Tonton atanigombeza. Alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, macho kwenye jiwe. Kumbe na yeye anakumbuka. Akasema bila kunitazama:

"Goreti. Piga tena."

Jumamosi, 4 Novemba

Hakuna matanga. Viti vya kukodi vimerudishwa.

Mvua tangu mchana. Mama amepika maharage kwa yale mawese. Tonton amekula sahani mbili, kisha amesema atatafuta nahodha mwingine, mwenye moyo. Mama amemwongezea ya tatu.

Baadaye ameniita jikoni. Alikuwa anachagua mchele wa kesho, mgongo kwangu. Ameniuliza tena kuhusu wale ndege. Nimemweleza tena, vile walivyosongamana.

Akatupa kokoto. Kisha akauliza kama walikuwa wamenona.

"Wamenona, Mama."

Ameendelea kuchagua mchele.