Alama ya Chaki Kwenye Fimbo ya Gobore

Jumamosi, Magunga. Mvua imenyesha kidogo mchana ikaacha, na sasa jua limerudi, mabati ya jikoni yanatoa mvuke. Nimekaa barazani kwa baba mdogo. Mikono yangu bado inanuka moshi wa baruti.

Nimeandika habari za mazishi, uchaguzi na mafuriko kwa miaka mingi, na kalamu hainisumbui. Leo inanisumbua.

Baba mdogo alikuwa askari wa wanyamapori huku mbuga ya Ruma hadi alipostaafu. Starehe yake pekee ni kulenga shabaha kwa gobore, bunduki inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Lake ni la kisasa na lina kibali. Fataki, kile kidude kinachowasha baruti, inakaa nyuma kabisa, imenyooka na mtutu, kwa hiyo unyevu hauisumbui kama yale ya zamani. Shida ni bega. Alifanyiwa upasuaji mwaka jana, na baruti aliyoizoea inampiga kama teke la punda.

Rafiki yake Mwita, polisi mstaafu wa upande wa Kehancha, ndiye msimamizi wa uwanja wa shabaha nje ya mji wa Migori, ninakoishi. Alipata baruti mpya kwa muuzaji mwenye leseni, wanayosema ni laini, yaani haipigi bega sana. Wakapatana waijaribu leo, kila mtu na gobore lake.

Mama mdogo alikuwa na sharti. Jana nilipokuja kumchukua mumewe alale kwangu, alinifuata hadi kwenye gari akashika dirisha.

"Si wewe ni mwandishi? Basi uangalie vizuri, uniletee ukweli. Bega ikirudi mbaya, hiyo kitu inaenda kwa polisi na hairudi hapa."

Nilimwahidi.

Uwanja wenyewe ni machimbo ya zamani ya murram, yenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Wazee walifika wakichokozana tayari.

"Omera, ndugu yangu Mjaluo, leo utalia," Mwita alisema, akipanga mezani vichupa vya baruti iliyokwisha kupimwa. "Unakula samaki kila siku, na samaki hana bega. Wewe ungelitoa wapi?"

"Lenga kwanza, Mkuria. Mara ya mwisho ulipiga tuta mpaka tuta ikakuonea huruma."

Kazi yao ina utaratibu. Unamimina baruti mtutuni, kisha unaisukuma risasi kwa fimbo mpaka iikalie. Fimbo ina alama iliyochongwa. Ikisimama sawa na mdomo wa mtutu, mambo yako sawa. Ikizama ndani, baruti haimo. Lakini baruti mpya inachukua nafasi ndogo kuliko ile ya zamani, kwa hiyo alama ya kuchongwa haikufaa tena. Mwita akachora nyingine kwa chaki kwenye fimbo ya baba mdogo, chini kidogo ya mpini.

Na kila baada ya mlio, mtutu unapanguswa kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye fimbo hiyo hiyo.

Baruti ni nzuri. Naandika hivyo bila wasiwasi. Moshi wake ni mwepesi, na matundu ya baba mdogo kwenye karatasi yangefunikwa na kisahani cha kikombe. Baada ya mlio wa kwanza aligusa bega, akaligusa tena, akanitazama kwa tabasamu ambalo sijaliona tangu alipotoka hospitalini.

Kisha Mwita akaanza kusimulia jinsi kiboko alivyompandisha baba mdogo juu ya mti kule Sindo. Baba mdogo akawa anajaza gobore huku akicheka na kumsahihisha: si mti, ilikuwa paa ya choo. Akaweka fataki. Akalenga.

Tukasikia mlio mdogo wa fataki, basi.

Sauti ya Mwita ilibadilika. "Usigeuke. Angalia tuta."

Wakati mwingine baruti huchelewa kushika moto. Tulingoja, mtutu umeelekea udongoni. Mwishowe Mwita alifungua gobore kwa nyuma akachungulia. Risasi ilikuwamo. Baruti haikuwamo. Kichupa chake kilikuwa mezani, kimejaa, kifuniko hakijaguswa.

Hakuna aliyeumia. Risasi isiyo na baruti haiendi popote.

Baba mdogo alikitazama kile kichupa muda mrefu. Mwita aliinua fimbo. Kitambaa kibichi na jasho la viganja vilikuwa vimeifuta alama.

"Ni chaki," alisema harakaharaka. "Ni makosa yangu. Ningeweka rangi."

"Chaki haimimini baruti, Mwita."

Baba yangu alikuwa kaka wa baba mdogo. Alianza kwa kusahau vitu vidogo, ufunguo, chumvi, siku ya kanisa. Alimaliza akiniuliza mimi ni binti wa nani. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu siku hizo. Tulitazamana pale uwanjani, na sikuhitaji kuuliza anawaza nini.

Nilimrudisha Magunga. Njiani alinisimamisha mara moja akanunua ndizi, na kwake zimejaa.

Mama mdogo aliniuliza mimi, hakumuuliza yeye.

"Bega?"

"Liko sawa, Mama. Baruti ni laini, haimuumizi."

Kila neno lilikuwa kweli, na bado sikuwa nimesema ukweli alioniagiza. Nilifungua kinywa niendelee. Baba mdogo akanitangulia.

"Nilisahau baruti. Niliweka risasi bila baruti."

Mama mdogo aliingia ndani. Nilidhani anaifuata simu awaite polisi. Alirudi na uzi mwekundu, ule anaofumia vitambaa vya viti.

"Hiyo alama inakaa wapi?"

Baba mdogo aliileta fimbo akamwonyesha kwa kidole. Aliuzungusha uzi pale, akaukaza, akafunga fundo na kukata kwa meno.

"Wewe," akaniambia, "kazi yako ni hii nyekundu. Siku itazama tena, gobore inabaki kwa Mwita, na huyu unaniletea."

"Sawa," baba mdogo akajibu, kana kwamba ndiye aliyeambiwa.

"Na Jumatatu tunaenda hospitali, mimi na wewe."

"Kwa sababu ya bega?"

"Bega si umesema iko sawa? Kwa sababu ya kichwa."

Baba mdogo ndiye aliyecheka kwanza.

Ni chaki, ni kiboko wa Mwita, au ndiyo ile njia aliyopita baba yangu? Nilikuwa pale, nilitazama kwa macho yangu, na sijui.

Sasa hivi wamekaa kwenye benchi mbele yangu. Mama mdogo anambonyeza bega taratibu, anauliza kama hapa panauma, na hapa, na hapa. Mumewe anasema hapana. Fimbo imeegemezwa mlangoni ikauke, na uzi unaonekana hadi nilipo.

Jumatatu kwanza. Kisha, gobore likitoka tena, nitasimama kando yake nikiutazama uzi, na shabaha ataitazama mtu mwingine.