Shavu Langu na Kaniki ya Bibi

Jumanne, 5 Juni 1984

Nimenawa, nimesubiri uso ukauke, nimepaka. Kiasi cha punje ya harage, uso mzima, si juu ya chunusi peke yake. Nesi wa zahanati ya shamba amesisitiza: dawa hii inazuia na zile ambazo hazijatokeza. Mara moja tu, jioni. Nisikamue. Nisitegemee kuona kitu kabla ya mwezi kuisha, pengine miwili. Miwili! Harusi yangu ni mwishoni mwa Agosti.

Hapa Basotu dawa hii haipo. Nesi aliniagizia Arusha. Bibi aliitazama tyubu, akauliza kama ni ya meno.

Alhamisi, 7 Juni

Ghalani kutwa, tunatia viraka magunia ya ngano. Vumbi. Daniel wangu alipita na kombaini lake, analipeleka karakana likaguliwe kabla ya mavuno. Anasema yeye haoni chunusi yoyote. Mwongo mkubwa. Nampenda hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya kanisa Bibi kanipaka siagi kama kila Jumapili. Viganja viwili, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, huku ananiombea. Amenifanyia hivi tangu tukiishi Maretadu, tangu mama alipofariki nikiwa sijaanza shule. Nesi alishasema mafuta mazito yanaziba ngozi na kuleta chunusi zaidi. Nimenyamaza mpaka Bibi alipomaliza, kisha nikaenda kunawa nyuma ya zizi. Nimejiona mwizi.

Jumatano, 13 Juni

Hakuna mabadiliko. Chunusi mpya mbili. Nimeanza kupaka asubuhi, mchana na jioni. Kama kidogo kinasaidia, kingi kitawahisha.

Jumamosi, 16 Juni

Hakikuwahisha kitu. Uso mwekundu, unawaka, ngozi inabambuka. Nimekwenda kwa nesi nimejifunika kitenge mpaka puani. Akanifunua, akashika kiuno. "We Paulina, nilikuambia upalilie, wewe umechoma shamba!" Nipumzishe ngozi kwanza. Ikitulia nianze upya, siku moja napaka, siku moja naacha, kidogo. Kukauka kiasi ni kawaida, kuungua si kawaida. Na nisilaze uso wenye dawa kwenye foronya ya rangi, itachujuka.

Bibi kaniona nikirudi. Hakula mchana. Anaamini tyubu inanila.

Jumapili, 17 Juni

Siku mbaya. Leo Bibi hakuja kanisani. Alikuwa amekwenda kwa akina mama wa Kibarabaig, ng'ambo ya mashamba, kutafuta siagi ya kuniponya. Mwendo mrefu kwa miguu yake ile. Siagi imekuwa adimu tangu malisho yao yalipogeuzwa ngano. Akarudi na kibuyu kidogo, amechoka, amefurahi. Akaninyooshea viganja.

Nikausukuma mkono wake. Nikasema, "Usiniguse na mafuta yako." Kibuyu kikaanguka.

Hakunigombeza. Alikusanya siagi iliyokusanyika, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kidole. Kisha akasema, "Basi Tumati kwa mumeo utakwenda na baraka ya tyubu."

Kwetu bibi harusi havuki mlango mpaka mkubwa wa nyumba ampake siagi. Nyumba hii haina mkubwa mwingine. Asiponipaka nitatoka kama niliyefukuzwa. Nimelia mpaka uso ukawasha zaidi.

Jumanne, 26 Juni

"Shikamoo, Bibi." "Marahaba," anauambia mlango. Nimeomba radhi, akasema amesikia. Jumapili hakunipaka. Lakini chakula ananiwekea, na maziwa yangu anayafunika kwa sahani ili inzi wasiingie. Afadhali angenichapa.

Jumamosi, 14 Julai

Mavuno yameanza. Dawa nimeirudia taratibu, ngozi imeizoea. Shavu la kushoto limelainika. La kulia bado, ila hazitoki mpya. Nilipoona kwenye kioo nikageuka kumwita Bibi. Nikakumbuka. Furaha isiyo na wa kuonyeshwa haina ladha kabisa.

Jumapili, 15 Julai

Nimechoka kununiwa, na kumkosa nimechoka zaidi. Jioni nilipomaliza kupaka dawa nimemkuta anajaribu kaniki yake mpya ya kuvaa harusini kwangu. Nimekaa chini miguuni pake.

"Bibi, naomba unipake."

"Wapi? Uso wako una mwenyewe siku hizi."

Nikampa mikono. Miguu pia. Akanitazama weee, kisha akacheka, kile kicheko chake cha pengo la mbele. "Mimi nilifikiri umekataa mikono yangu. Kumbe umekataa mafuta usoni tu! Si ungesema, mtoto wewe?" Akaleta kibuyu. Kanipaka viganja mpaka viwiko, nyayo mpaka magoti, na maombi yote aliyonibakizia Jumapili zile. Nikamkumbatia, shavu begani pake. Sikutaka kuondoka hapo.

Jumatano, 18 Julai

Mungu wangu. Kaniki ya Bibi ina doa begani, kama kahawia iliyopauka, ukubwa wa shavu langu. Ni dawa. Niliambiwa habari za foronya, Bibi sikumfikiria. Kaniki nyingine dukani hakuna, nimeuliza. Nimemwambia ukweli. Ameligusa doa, ameikunja nguo, ameiweka sandukuni. Naogopa ameanza tena kuninunia.

Jumamosi, 25 Agosti

Naandika haraka, lori la kutupeleka Tumati linapiga honi. Chunusi zimebaki mbili kidevuni, waache wazione. Asubuhi Bibi alichelewa ndani, watu wa Daniel wakaanza kutazamana. Akatoka na kibuyu, kavaa kaniki ile ile, doa kaliweka mbele. Akanipaka viganja, viwiko, nyayo. Shangazi yake Daniel akamnong'oneza kwamba nguo imeharibika.

"Haijaharibika," Bibi akasema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Hapa ndipo mtoto wangu huweka shavu."

Jumapili, 26 Agosti. Tumati

Nimenawa, nimesubiri uso ukauke, nimepaka. Daniel kalala, kafunika kichwa. Baridi ya huku ni nyingine.

Viwiko vyangu bado vinanukia siagi. Nimeoga, lakini hapo sikupasugua.