Kichupa cha Dawa ya Samaki

Mwanangu,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Mkate nibakizie, nakujua. Pampu ya tangi la samaki nimeizima, usiiwashe.

~~Samaki wa marehemu mama yako amelala tu.~~ Hapana, wewe si mtoto. Amekufa asubuhi hii.

Usije ukadhani ni ile dawa yako ya dukani iliyomuua, kwa sababu tu wiki nzima nimekupigia kelele kwamba chumvi na kitunguu saumu vinatosha, kama alivyofanya mama yako. Ulipotoka kwenda kazini nilimtazama. Madoa meupe yalikuwa yamemfika hadi machoni. Nikasalimu amri, nikammiminia kipimo kizima cha dawa yako. Kumbe nawe ulishamwekea kabla ya kutoka. Kijiko nilikikuta baadaye kwenye sinki, bado kina rangi ya buluu ya dawa.

Nimemfunga kwenye leso yangu, yuko dirishani. Usimzike peke yako, nisubiri.

Tangu Jumatatu nilijua uko sahihi. Kukuambia tu ndiko kulikonishinda.

Baba