Kula Uchungu

Dongguan, 6 Machi

Mdogo wangu Yanlin,

Hujambo? Unalalaje, unakula nini? Mimi mzima, nashukuru Mbingu. Tumbo tu linasokota, lakini nikinywa maji ya moto linatulia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Eti umeacha kazi ya ofisini? Sasa unauza mikate ya mvuke kibandani? Baba alichimba makaa mpaka mapafu yakamwisha. Mimi niliacha shule nikaja kushona viatu ili wewe uvae shati jeupe. Kwetu anayekula uchungu, akavumilia bila kulia, ndiye anayeinuka. Rudi ofisini ukawaombe msamaha.

Dada yako, Guizhen

Hangzhou, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Hilo tumbo umelipeleka hospitali? Usinidanganye.

Pei Ning, aliyekaa meza ya jirani ofisini, alianguka kwa kukesha kazini, hakuamka tena. Kabla ya jua kuzama meza yake ilikuwa na mtu mwingine. Meneja akatuambia, “Vijana wa siku hizi ni laini.” Yeye alinunuliwa nyumba na baba yake. Uchungu gani alioula huyo, akapanda juu hivyo?

Sikatai kazi, dada. Kibandani natoka jasho, lakini jioni nalala.

Mdogo wako

Dongguan, 2 Aprili

Yanlin,

Leo sikujulii hali. Shuka zako za chuoni nilizishona kwa vidole vilivyopasuka, leo unanifundisha kulala! Usiniite dada mpaka uvae lile shati.

Guizhen

Hangzhou, 11 Oktoba

Dada,

Nitakuita hivyo hivyo. Barua zangu zote za kiangazi hukujibu, nikadhani ni hasira. Leo Qiuju, mwenzako wa chumbani, amenipigia. Kumbe ni uvimbe, na umeshaenea. Kumbe ulishona viatu huku umejifunga mkanda tumboni, msimamizi asijue!

Qiuju anasema hata wodini unang'ata mto, hutaki kuwasumbua wauguzi. Wasumbue! Nani atakupa nishani? Nimefunga kibanda, napanda treni kesho. Ukiumwa piga kelele, dada yangu. Nakuomba.

Mdogo wako

Dongguan, 12 Oktoba

Mdogo wangu,

Anaandika Qiuju, mkono wangu hauna nguvu. Barua hii utaikuta mezani, mimi huenda usinikute, maana daktari hakunificha kitu.

Asubuhi daktari aliniuliza, “Shangazi, mbona umechelewa hivi?” Nikamwambia nilidhani kila mtu anaumwa hivi. Akatazama dirishani.

Qiuju alinisomea barua yako uliyomtumia kwenye simu. Kisha maumivu yakaja, nikalia kwa sauti, Yanlin, wodi nzima ikageuka. Nilingoja aibu, haikuja. Akaja binti mmoja muuguzi, akanishika mkono, akaniita mama, akanidunga sindano. Yakapoa.

Miaka yote hii, kumbe yangeweza kupoa.

Usirudi ofisini.

Dada yako