Meno ya Benzeni

Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika, mabati bado yanadondosha maji, na furaha hainiachi nikae.

Mwamini, binti wa marehemu kaka yangu, anatetea kazi yake ya kemia kesho chuoni, mbele ya walimu. Mchana huu ameniletea mimi, tonton wake, michoro yake niitazame: jinsi mvuke wa benzeni unavyomeza mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mstari una meno kama msumeno. Alikusudia kuyalainisha kwa kompyuta kabla ya kuchapa.

"Bon, tonton, ile iko courant tu. Courant ya barrage inachezaka."

Mjini hapa kikitetemeka chochote, tunalaumu umeme wa bwawa la Tshopo.

Sasa niungame. Nilipokuwa na umri wake niliona meno yaleyale, nikalaumu umeme uleule, nikayafuta kwa kifutio na kuchora mstari laini. Walimu wakanipongeza. Nilipokuja kushuku nilichokifuta, vita vilikuwa vimeshanitoa Bafwasende nilikokuwa nafundisha, na daftari langu lilibaki kule.

Nikamuuliza alipima mara ngapi.

"Mbili, tonton. Ya pili na groupe, courant ilikatika."

Jenereta!

Nikazibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Kila jino likaangukia juu ya mwenzake. Bwawa na jenereta haviwezi kutetemeka kwa kupatana hivyo.

Ni molekuli yenyewe. Duara la kaboni sita lina ulinganifu kamili. Lingetulia tuli, elektroni zake zisingeruhusiwa kupokea mwanga huo. Lakini halitulii kamwe. Mtetemo mmoja unalipinda kidogo, ulinganifu unavunjika, mlango unafunguka. Kisha duara lote linapanuka na kusinyaa kama kifua kinachopumua, na kila hatua ya pumzi hiyo inaongeza jino. Miaka yote nilifundisha kwamba elektroni ni wapangaji na viini vya atomi ni nyumba isiyotikisika. Kumbe nyumba ikitikisika ndipo mpangaji anapopata njia.

"Donc nilitaka kufuta jibu?"

"Kama mimi."

"Eh, tonton! Sisi ni famille ya kufuta!"

Tumecheka hadi jirani akachungulia. Kisha Mwamini akakunja karatasi zake kwa uangalifu, akapanda pikipiki kurudi chuoni kuchapa mchoro mzima, bila kulainisha kitu.

Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa safu ya mbele, na miwani yangu.

Nitayahesabu meno yote, moja moja.